Gari linalozima njiani: uanzie kwenye mafuta, moto au hewa?

Mafundi wawili, gari moja, majibu mawili. Corolla 110 yangu, ile ya injini ya 5A, ilianza kunizimia msimu wa joto, tena penye aibu: kilima cha Kimara hapa Dar es Salaam, foleni imeshona, daladala nyuma inapiga honi. Ilikuwa ikienda vizuri kama dakika 40, kisha inakata ghafla kana kwamba kuna mtu kazungusha ufunguo. Tunaisukuma pembeni, nakaa dakika 20 nikinunua maji na kujibu "vipi, mafuta yamekata?", nawasha, inawaka kwa mzunguko mmoja. Fundi makenika akachomoa plagi, akazikuta kavu, akasema mafuta hayafiki, pampu imekufa. Fundi umeme akasema distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi. Wa kwanza alikuwa na ushahidi mkononi, nikamwamini. Nikafunga pampu mpya. Siku ya tatu ikazima palepale.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini plagi zilikuwa kavu wakati pampu ni nzima, na ulinganisho huu umetokana na somo hilo. Ni kwa mwenye gari la miaka ya 1990 au mwanzoni mwa 2000 ambalo linazima, na kila anayelitazama anataja spea yake. Pesa ya kununua zote huna. Inabidi uchague pa kuanzia.

Kwanza, tazama dashibodi gari linapozima. Kama taa zote, redio na kila kitu vimezimika pamoja na injini, achana na pampu na distributa kabisa. Nenda kwenye vichwa vya betri, waya wa ethi unaokwenda kwenye bodi, na swichi ya ufunguo. Swichi za magari haya huchoka, hasa kwa sisi tunaoning'iniza funguo za nyumba, za ofisi na kifungulio cha soda kwenye ufunguo mmoja. Likiwa linanguruma limesimama, tikisa ufunguo kidogo. Likikata, umepata jibu bila kutoa senti.

Kama taa za dashibodi zimebaki zikiwaka, sasa unachagua kati ya watatu. Hapa chini nikisema moto namaanisha cheche ya plagi; injini kupata joto ni jambo jingine. Na sailensi ni ule mngurumo wa gari likiwa limesimama, mguu haupo kwenye resi.

| | Mafuta | Moto | Hewa na sailensi |
|---|---|---|---|
| Linavyozima | Linavutavuta, linaishiwa nguvu, ndipo linazima | Linakata ghafla bila onyo | Linashuka taratibu ukiachia resi, linazima ukisimama |
| Mara nyingi lini | Mlimani, mwendo wa kasi, tenki likiwa chini | Injini ikishapata joto, au baada ya kupita kwenye maji | Asubuhi, ukiwasha AC, ukiweka D kwenye foleni |
| Ukikanyaga resi | Linazidi kuishiwa | Hakuna tofauti | Linatulia |
| Kuwaka tena | Baada ya kupiga stata sana | Haliwaki mpaka lipoe | Papo hapo, ukikanyaga resi kidogo |
| Pa kuanzia kwa bei ndogo | Filta na mfuniko wa tenki | Kofia, rota na waya za plagi | Kopo la dawa ya kusafishia kabureta |

Safu ya hewa na sailensi ndiyo rahisi kuitambua, na nitairudia. Kazi iko kwenye mafuta na moto, kwa sababu jedwali linadanganya mahali pamoja: pampu iliyochoka nayo huzima ikipata joto na kufufuka ikipoa, sawasawa na distributa. Ugomvi wa mafundi wangu ulikuwa hapo.

Joto: pampu au distributa?

Ndani ya distributa ya 5A na ndugu yake 4A kuna koili ndogo ya kuhisi mzunguko wa injini. Ishara yake inakwenda kwenye kompyuta, nayo kompyuta ndiyo inayoamua moto utoke lini na nozeli, zile zinazopulizia mafuta, zifunguke lini. Koili hiyo ikizeeka, waya wake mwembamba hukatika kwa joto na kuungana tena ukipoa. Ikikatika, kompyuta inaona injini imesimama. Inaacha kutoa moto, na wakati huohuo inaacha kufungua nozeli. Plagi zinabaki kavu. Fundi anayezichomoa anaona ukavu na kuhukumu pampu, kumbe pampu haijahusika hata kidogo.

Upande wa pili hauendi hivyo. Pampu ikifa, distributa haijui wala haijali. Moto unaendelea kutoka kama kawaida kila ukipiga stata. Kwa maneno mengine, moto ukikatika kwa njia hii unaondoka na mafuta, ila mafuta yakikatika hayaondoki na moto. Ndiyo maana kwa gari la EFI, yaani linalopuliziwa mafuta kwa amri ya kompyuta, lenye distributa mimi sasa naanza na moto kila mara, hata kama dalili zote zinaelekea kwenye mafuta.

Kipimo chenyewe hakihitaji gereji. Beba plagi moja ya zamani na kipande cha waya chenye vibanio. Gari likishazima na kugoma kuwaka, chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye ile plagi ya zamani, bana kitako chake cha chuma kwenye chuma cha injini, kisha mwenzio apige stata. Usiishike kwa mkono, na usifanye hivyo kama unasikia harufu ya petroli. Cheche ya buluu inayolia inamaanisha moto upo, geukia mafuta. Hakuna cheche, au ni ya njano na dhaifu: usinunue pampu. Muhimu ni kupima likiwa limezima. Likishapoa na kuwaka, kila kitu kitapima vizuri na mtarudi kwenye kubishana.

Kama gari lako ni la gia za mkono na lina mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini, kuna ushahidi mwingine wa bure. Likikata uko kwenye mwendo, usikanyage klachi mara moja. Magurudumu bado yanazungusha injini, kwa hiyo mshale unapaswa kubaki juu. Ukianguka kwenye sifuri huku gari linatembea, ishara imekatika: moto. Ukishuka pamoja na mwendo, elekea kwenye mafuta. Kwa otomatiki kipimo hiki hakitoshi, maana injini inaweza kusimama huku gari likiendelea kuserereka.

Kuhusu pampu kuna tofauti moja ya makampuni inayoponza watu. Honda za miaka ile, ukiweka ufunguo ON, pampu hulia kwa sekunde kama 2 kisha hunyamaza. Ukimya hapo ni dalili, na kwenye Civic na Accord za wakati huo mtuhumiwa wa kwanza ni relei kuu ya EFI, ambayo lehemu zake hupasuka. Gari likikaa juani mchana linagoma, jioni linawaka. Kulehemu upya ni kazi ya fundi redio, na ni nafuu kuliko pampu ya aina yoyote. Toyota kama yangu haina tabia ya kuliza pampu ufunguo ukiwa ON, inasubiri stata. Nimeona pampu nzima ya Toyota ikihukumiwa kwa sababu fundi alizoea Honda. Kwenye Toyota, fungua kile kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha matundu ya +B na FP kwa waya, ufunguo ON, halafu sikiliza tenki.

Kulia peke yake hakutoshi, lakini. Pampu inaweza kulia na isisukume. Presha ya mafuta kwenye injini hizi za 4A na 5A, mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa kwenye regyuleta, inatakiwa iwe kati ya 265 na 304 kPa, yaani kama 38 hadi 44 psi. Fundi mwenye geji ya presha atakupa jibu ndani ya dakika 10. Asiye nayo anabahatisha kwa pesa yako.

Na kabla ya geji, mambo mawili. Gari likizima, fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia linavuta pumzi ndefu, tundu la hewa limeziba na pampu ilikuwa ikipigana na ombwe. Pili, uliza filta ya mafuta ilibadilishwa lini. Kama hakuna anayejua, badilisha tu.

Watu wengi hukimbilia kulaumu sheli. Tanzania tuna sababu: neno uchakachuaji, yaani kuchanganya mafuta, lilikuwa midomoni mwa kila dereva kabla EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haijaanza kuweka vinasaba (alama za kuyatambua) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya nao mwaka 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyohiyo. Lakini petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa kwa kawaida hufanya gari liwake kwa shida, ligonge na litoe moshi. Kukata ghafla baada ya dakika 40 si tabia yake. Maji kwenye mafuta ndiyo huzimisha, na hayo hujitambulisha kilomita chache baada ya kujaza.

Likizima ukisimama

Hapa tunazungumzia sailensi, ule mngurumo wa gari likiwa limesimama. Kwa injini ya 5A ni mizunguko 700 hadi 800 hivi kwa dakika. Ukiachia resi, klapu ya hewa hujifunga, na pumzi ya injini inapita kwenye kijia kidogo kinachoongozwa na kivalvu cha sailensi. Miaka 20 ya masizi inaziba kijia hicho. Matokeo yake gari linakwenda vizuri barabara kuu na kukuaibisha kwenye foleni ya Ubungo.

Chaguo ni tatu, na nyingi za gereji zetu hukuanzishia na lililo baya: kupandisha sailensi kwa kukaza skrubu inayozuia klapu. Dakika moja, gari haizimi tena, umelipa, umeondoka. Lakini klapu sasa haifungi kabisa, na kwenye magari mengi sensa ya klapu haiambii tena kompyuta kwamba mguu umetoka kwenye resi. Kompyuta inaacha kusimamia sailensi. Mafuta yanaliwa zaidi, ukiweka D gari linajisukuma, na siku utakayosafisha masizi kweli litanguruma kama linataka kuruka. Kama skrubu hiyo ina rangi ya kiwandani haijaguswa, mshike fundi mkono.

La pili ni kusafisha. Vua mpira wa hewa, pulizia dawa ya kabureta kwenye tambara, futa kingo za klapu na mdomo wake, kisha vua kivalvu na ukioshe mpaka kizunguke laini. Kwenye Toyota hizi maji ya rejeta hupita hapo chini, kwa hiyo fanya injini ikiwa imepoa, na andaa gasketi mpya. La tatu ni kununua kivalvu, na hilo mimi naliacha mpaka la pili lishindwe. Kwa uzoefu wangu na wa majirani, kusafisha kunamaliza tatizo mara nyingi kuliko kununua.

Mpira wa hewa uliopasuka nao ni wa kundi hili, ila namna unavyoumiza inategemea gari linapimaje hewa. Gari lenye kipimo cha hewa kwenye bomba la kuingilia, kama Nissan nyingi, likipata ufa baada ya kipimo linavuta hewa isiyohesabiwa. Mchanganyiko unakosa mafuta na gari linazima. Corolla ya Japani inayopima kwa vakyumu inaona presha imepanda, inaongeza mafuta, na sailensi inapanda badala ya kushuka. Kwa hiyo ukiambiwa "ni mpira umepasuka" na gari lako ni la vakyumu linalozima, uliza swali la pili.

Linazima pale tu unapowasha AC? Kitu kinachopandisha sailensi ili kubeba kompresa hakifanyi kazi, na mara nyingi ni masizi yaleyale. Linazima unaposimama ukiwa kwenye D tu, kwa kishindo kama gari la gia lililosahaulika klachi? Hilo linaweza kuwa la giaboksi, kufuli ya torkikonveta, inayounganisha injini na giaboksi ya otomatiki, haiachii. Injini itaoshwa mara tano bila faida.

Wenye kabureta

Nitapita haraka, maana magari haya yamebaki machache na wenye nayo wanayajua kama watoto wao. Tofauti kubwa ni kwamba pampu yao ya mafuta kwa kawaida husukumwa na injini yenyewe, haingoji kompyuta, hivyo ile hoja ya plagi kavu haiwahusu: plagi kavu hapo ni mafuta kweli. Kukiwa na joto kali, mafuta huchemka ndani ya bomba kabla ya kufika. Kitambaa kibichi juu ya pampu na bomba, likawaka, umejua. Na kama linazima kwenye sailensi tu, gusisha waya wa kile kisolenoidi (kivalvu cha umeme) cha kabureta huku ufunguo uko ON. Kisipopiga "tki", anza nacho.

Mashine au kipande cha waya?

Siku hizi kila mtu ana kile kidude cha bei ndogo cha bluetuthi kinachochomekwa na kusomwa kwenye simu. Kwa gari jipya ni kizuri. Kwa Corolla 110 ya Japani hakitasema kitu. Mfumo wa OBD2, ambao ndio lugha ya kidude hicho, ulilazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1996 na Ulaya kwa petroli kuanzia 2001. Magari ya soko la ndani la Japani ya wakati huo hayakubanwa na sheria hizo, hata yale yenye tundu linalofanana. Mashine kubwa ya gereji inayojua lugha ya Toyota ya zamani itasoma, ila utalipia.

Waya ni bure. Kwenye kiboksi kilekile cha DIAGNOSIS unganisha TE1 na E1, ufunguo ON bila kuwasha, halafu hesabu taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo bila kusita, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara 1, ikasita, ikapepesa mara 4, hiyo ni 14: ishara ya moto haikurudi kwenye kompyuta. Namba 12 na 13 ni ishara ya mzunguko kutoka distributa, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya hewa au vakyumu, 41 ni sensa ya klapu. Usichomoe betri kabla ya kusoma, utafuta kumbukumbu zote. Mimi nilichomoa.

Kati ya hivyo viwili, kwa gari la umri huu nachagua waya, kisha kipimo cha cheche. Na kumbuka kuwa hakuna namba ya "pampu imechoka" wala ya "masizi". Kompyuta ikisema iko salama huku gari linazima, imekusaidia: imekuelekeza zaidi kwenye mafuta au hewa, ingawa kofia, rota na waya za plagi nazo hazina namba.

Mtumba, mpya ya bei chee, au kuosha

Ukifika kwenye maduka ya spea ya Dar es Salaam, mitaa ya Gerezani au Shaurimoyo, au ukiwa Nairobi pale Kirinyaga Road, utaulizwa unataka "yuzidi au mpya". Jibu langu linabadilika kwa kila kitu. Filta, plagi, kofia, rota na waya za plagi: mpya, bila mjadala, hivyo ni vya kuchakaa. Pampu: mpya pia. Pampu ya mtumba ni uchovu wa mtu mwingine umeuziwa, na hujui aliendesha na tenki tupu kwa miaka mingapi. Petroli ndiyo inayoipoza, ikikosa kuzamishwa inaungua.

Distributa na sensa, kinyume. Hapo naona ya mtumba iliyotoka Japani, yenye maandishi ya Denso, kampuni ya Kijapani ya vipuri, ni bora kuliko nakala mpya isiyo na jina, ambayo sura yake ni safi na koili yake haivumilii joto letu. Masharti ni mawili. Ifungue kofia mbele ya muuzaji utazame kama ndani kuna oili; ikiwa na oili sili yake imekwisha. Na mkubaliane kuirudisha ndani ya siku kadhaa, kisha uiendeshe kwenye foleni ya mchana siku hizohizo, maana asubuhi kila distributa ni nzima. Ikifungwa, taimingi, yaani wakati wa moto kutoka, ipimwe kwa taa ya taimingi, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa: digrii 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Kuifunga kwa sikio ni kubadilisha kosa moja kwa jingine.

Yangu niliinunua ya mtumba kwa laki na nusu, na Kimara nimepanda misimu miwili ya joto tangu hapo. Ile pampu ya kwanza, iliyohukumiwa kwa plagi kavu, niliisafisha nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Iko kwenye buti pamoja na plagi ya zamani na kipande cha waya. Nimeshaiunganisha na betri mara mbili kuijaribu, na mara zote mbili imelia vizuri tu.